Gumzo la Mtandaoni Sambamba na Mhadhara: Dalili, Visababishi na Tiba

Mhadhiri anayefundisha wanafunzi mia tatu katika ukumbi mmoja anajua kwamba akiuliza "Kuna swali?" mwishoni mwa mhadhara, atakachosikia ni vishindo vya viti na zipu za mabegi. Ndiyo maana wengi wetu tumeongeza gumzo la moja kwa moja mtandaoni, yaani nusu saa au saa nzima ambayo mhadhiri na wanafunzi wanaandikiana papo kwa papo, kila mtu na simu au kompyuta yake, ili yale yaliyoshindikana ukumbini yapate nafasi ya pili. Wanafunzi wenyewe huita kuchati tu. Mwongozo huu haumshawishi mtu aanzishe gumzo. Umeandikwa kwa mhadhiri mwenzangu ambaye tayari analo na linamsumbua. Mifano yangu inatoka katika somo la takwimu la mwaka wa pili, ambalo nimelifundisha katika chuo kimoja cha Tanzania kwa mihadhara miwili kwa wiki, semina moja na gumzo moja la jioni.

Niseme mapema msimamo wangu, kwa sababu ndio unaopanga sehemu zinazofuata. Katika magumzo niliyoyaona yakififia, yangu mwenyewe yakiwemo, mtandao ulikuwa na hatia mara chache kuliko tulivyodai vikaoni. Mara nyingi gumzo lilikufa kwa sababu halikuwa na kazi ambayo ukumbi hauwezi kuifanya, au lilikuwa nayo lakini matunda yake hayakurudi ukumbini.

Kabla ya kulaumu mtandao, soma kumbukumbu

Kifaa cha kwanza cha uchunguzi ni maandishi ya gumzo lenyewe. Katika Moodle, mfumo wa kuendeshea masomo mtandaoni ambao vyuo vingi vya ukanda wetu vinautumia, chumba cha gumzo huhifadhi vikao vilivyopita, mradi hukuweka muda mfupi wa kufutwa kwa ujumbe. Katika WhatsApp unaweza kutoa nakala ya gumzo zima kama faili la maandishi lisilo na picha. Katika BigBlueButton, programu ya madarasa ya video mtandaoni, msimamizi huhifadhi nakala kabla hajafunga kikao, na wengi husahau. Chukua nakala za vikao viwili au vitatu, kaa nazo na kalamu, uhesabu mambo matatu: walioingia ni wangapi, walioandika angalau mara moja jambo linalohusu somo ni wangapi, na ni mambo mangapi kati ya yaliyoandikwa ambayo ulikuja kuyataja ukumbini wiki iliyofuata.

Hesabu ya kwanza ikiwa ndogo, tatizo ni mlango, na sehemu inayofuata ndiyo yako. Ya kwanza ikiwa kubwa na ya pili ndogo, tatizo ni swali, lugha au hofu. Ya tatu ikiwa sifuri, nenda moja kwa moja kwenye sehemu inayohusu ukumbi kupungukiwa watu, hata kama unaamini kwamba ugonjwa wako ni mwingine.

Chumba ni kitupu, au watu wanaingia saa ambayo hukuipanga

Anza na saa, na usione aibu. Nilipoweka kikao changu cha kwanza katika kalenda ya mfumo niliandika 02:00, nikimaanisha saa mbili usiku. Mfumo haujui saa za Kiswahili. Uliwatangazia wanafunzi saa nane za usiku. Asubuhi nilikuta mwanafunzi mmoja aliamka kweli, akaandika "Dokta nipo" saa 8:03, akasubiri dakika kumi na mbili, kisha akaandika "usiku mwema" na kuondoka. Tangu siku hiyo kila tangazo langu lina saa mbili katika mstari mmoja: saa 2:00 usiku, kwenye mfumo 20:00.

Kosa la pili la saa limejificha zaidi. Seva ikiwa imewekwa katika UTC, yaani saa za marejeo za kimataifa, na mwanafunzi hakuwahi kurekebisha ukanda wa saa katika wasifu wake, kikao cha 20:00 kitaonekana kwake kuwa cha 17:00, kwa sababu Tanzania, Kenya na Uganda ziko mbele ya UTC kwa saa tatu. Dalili yake ni mahususi: wanafunzi wachache wanaingia saa kumi na moja jioni, wanakuta kimya, wanaondoka wakiamini kwamba mhadhiri hakutokea. Mwombe msimamizi wa mfumo aweke ukanda mmoja kwa watumiaji wote. Kama unao wanafunzi walioko Bujumbura, Kigali au Goma, wakumbushe kwamba saa za kwao ziko nyuma ya Dar es Salaam kwa saa moja.

Jambo jingine la Moodle ambalo huwachanganya wengi ni kwamba kutangaza muda wa gumzo hakufungui wala hakufungi chumba. Muda huo unaingia kwenye kalenda tu, na chumba kiko wazi siku zote. Ukitaka kifungwe, tumia masharti ya kuingia yanayofuata tarehe na saa. Na kama chumba kimetoweka kabisa baada ya chuo kuboresha mfumo, usitafute ulipokosea: toleo la 5.0 la Moodle, lililotolewa mwaka 2025, liliondoa gumzo katika programu kuu, na anayelitaka sasa hulisakinisha kama programu jalizi.

Saa ikiwa sawa na chumba bado ni kitupu, chunguza mabando. Kipo kifurushi cha mitandao ya kijamii pekee, ambacho ni rahisi na ndicho wanafunzi wengi hununua mwezi unapofika ukingoni. Mwenye kifurushi hicho ataonekana hai kwenye WhatsApp usiku kucha huku tovuti ya chuo ikigoma kufunguka. Dalili ni kwamba kundi la darasa lina kelele na chumba rasmi kina watu sita. Kipimo ni rahisi: mwombe kiongozi wa darasa, yaani CR, awaombe wenzake watano walioko nje ya chuo wafungue kiungo cha chumba wakiwa na kifurushi walicho nacho leo, bila kuongeza kingine. Watatu wakishindwa, umepata jibu, na itabidi uchague kati ya kulihamishia gumzo kwenye WhatsApp au Telegram, au kulipanga saa ambayo wengi bado wako chuoni kwenye Wi-Fi ya maktaba. Maandishi yenyewe hayali bando. Kinachokula ni slaidi, picha za ubao na jumbe za sauti, kwa hiyo piga marufuku viambatisho ndani ya saa ya gumzo na utume slaidi mchana.

Mgao wa umeme, daladala za jioni na watoto wa kulaza ni sababu za kweli pia, lakini hazina ufundi: waulize wanafunzi saa inayowafaa, kisha waulize tena katikati ya muhula, kwa kuwa ratiba ya wiki ya pili si ya wiki ya kumi.

Wamo sitini, anaandika mmoja

Hapa ndipo magumzo mengi yalipo, na hapa ndipo inapofaa kukaa muda mrefu.

Kisababishi cha kwanza ni swali lenyewe. Swali la "Je, wastani mmeuelewa?" halijibiki hadharani. Aliyeelewa haoni haja ya kusema, na ambaye hakuelewa hataki kutangaza. Swali la "Elezeni tofauti kati ya wastani na thamani ya kati" linadai aya nzima, na hakuna anayeandika aya kwenye simu yenye kioo kilichopasuka akiwa amesimama kwenye foleni ya mgahawa. Gumzo linahitaji swali ambalo mtu anaweza kulishika kwa mstari mmoja na bado akabishana nalo kwa dakika ishirini. Hili ni mojawapo ya yale yaliyonifaa, na mistari iliyofuata ilikuwa ya namna hii:

2:04 Mhadhiri: Wavuvi kumi wa kijiji kimoja. Tisa wanapata shilingi 200,000 kwa mwezi kila mmoja. Wa kumi ni mwenye boti, anapata 5,000,000. Ofisa ameandika kwenye ripoti: wastani wa kipato cha mvuvi wa kijiji hiki ni sh. 680,000. Je, amedanganya? Anza na Ndiyo au Hapana, kisha toa sababu moja.
2:06 Hapana. 6,800,000 gawanya kwa 10, hesabu iko sawa
2:06 Ndiyo. Hakuna hata mmoja anayepata hiyo 680
2:07 sasa kama hesabu iko sawa kadanganyaje
2:07 Amesema ukweli ambao haumhusu mtu yeyote pale kijijini
2:09 Huyo mwenye boti ni mvuvi kweli? mbona havui

Mstari wa mwisho sikuwa nimeutegemea. Mwanafunzi aliyeuandika, ambaye sijawahi kusikia sauti yake ukumbini, alikuwa ameuliza nani anastahili kuhesabiwa katika kundi linalopimwa, mada ambayo kwenye mpango wangu wa somo ilikuwa bado wiki nne.

Tazama pia saa zilizoandikwa pembeni. Kutoka swali hadi jibu la kwanza zilipita dakika mbili, na hicho ndicho kisababishi cha pili cha ukimya: mhadhiri hasubiri. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani aliyechunguza madarasa ya sayansi katika miaka ya 1970, aligundua kwamba kwa kawaida mwalimu akishauliza husubiri takriban sekunde moja kabla ya kujibu mwenyewe au kuuliza tena, na kwamba akijizuia hadi sekunde tatu au zaidi majibu hurefuka na wanaojibu huongezeka. Sekunde tatu hizo ni za mdomo. Kwenye gumzo mwanafunzi anasoma, anafikiri, anaandika kwa dole gumba, anafuta, anaandika upya, na mtandao nao unachukua fungu lake. Nimejizoesha kuweka saa ya mezani mbele yangu na kukaa dakika mbili kamili bila kugusa kibodi. Dakika hizo ni ndefu ajabu. Ukizijaza kwa swali la pili unawafutia kazi waliokuwa katikati ya sentensi, na baada ya mara tatu wanajifunza kwamba kuandika ni kupoteza muda.

Kisababishi cha tatu ni lugha, na ninajua kwamba baadhi ya wenzangu hawatakubaliana nami. Vyuo vyetu vinafundisha kwa Kiingereza. Wengi wa wanafunzi wangu walisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na hofu ya kuchekwa kwa kosa la sarufi ndiyo inayowafunga midomo ukumbini. Gumzo likianza kwa Kiingereza rasmi cha mhadhiri, hofu ileile inahamia kwenye skrini, tena ikiwa kali zaidi, kwa sababu kosa la kuandikwa linabaki pale na linaweza kupigwa picha. Nilipotangaza kwamba Kiswahili, Kiingereza na mchanganyiko wa zote mbili vinakubalika, ilimradi istilahi ya somo itajwe kama ilivyo kwenye mhadhara, walioandika waliongezeka katika kikao kilekile. Pingamizi ninalolisikia ni kwamba mtihani utakuwa kwa Kiingereza. Ni kweli, na ndiyo maana dakika kumi za mwisho tunazitumia kuchagua jibu moja bora la Kiswahili na kuligeuza pamoja kuwa sentensi moja ya Kiingereza inayofaa kwenye karatasi ya mtihani. Katika zoezi hilo nimeona kwamba mwanafunzi ambaye ameshalishika jambo kwa lugha yake anabishania neno la Kiingereza kwa ukali ambao hakuwa nao alipokuwa akilikariri.

Kuna waliojaribu kuondoa hofu kwa majina bandia. Nimejaribu pia na nikaacha, kwa kuwa utani ulizidi maswali. Kilichofaa zaidi ni kuwaruhusu waandike wawiliwawili kwa simu moja na kusaini kwa majina yote mawili. Kosa likigawanywa kwa wawili halina uzito, na bando nalo linapona.

Robo saa ya kwanza imeliwa na salamu

Ukisoma nakala na kukuta "Shikamoo Dokta" sitini na tatu mfululizo, huo si utovu wa nidhamu, ni kinyume chake. Mwanafunzi aliyelelewa kumwamkia mkubwa hawezi kuingia chumbani kimyakimya na kuanza na wastani. Usimkemee, na usijibu mmojammoja. Fungua chumba dakika kumi kabla ya muda, andika wewe wa kwanza kwamba salamu zenu zimepokelewa, marahaba kwa wote, kisha ubandike swali la kwanza juu ya chumba. Anayeingia anakuta ameshaitikiwa na anaendelea na kazi.

Ujumbe unakimbia kuliko macho

Hii ni dalili ya gumzo lenye afya lililozidiwa na idadi. Kwa uzoefu wangu, wakizidi ishirini wanaoandika kwa pamoja, jibu linatenganishwa na swali lake kwa mistari kumi na tano na hakuna anayejua nani anamjibu nani. Moodle inaruhusu makundi yaliyotengwa ndani ya chumba kimoja. Gawa darasa katika makundi ya watu kumi hadi kumi na watano, kila kundi na msaidizi wa masomo au mwanafunzi wa mwaka wa juu. Pasipo na wasaidizi, gawa kwa muda, nusu ya darasa saa 2:00, nusu nyingine saa 2:30. Telegram ina mpangilio wa kupunguza kasi, ambao humlazimu kila mtu kungoja muda uliouweka kabla ya kutuma tena, na sekunde thelathini zinatosha kumfanya mtu asome alichokiandika mwenzake. WhatsApp haina kitu cha aina hiyo. Huko utategemea nidhamu ya kujibu kwa kugusa ujumbe husika ili ule wa awali uonekane juu ya jibu, na kuyapa maswali namba, mathalani S1, S2, ambazo kila anayejibu anaanza nazo.

Kasi ina mwathirika mwingine ambaye haonekani kwenye nakala. Mwanafunzi asiyeona, anayetumia programu ya kusoma skrini, husomewa kila ujumbe unapoingia, na jumbe arobaini kwa dakika kwake ni kelele tupu. Kwa mwanafunzi kiziwi, kinyume chake, saa ya gumzo inaweza kuwa ndiyo saa pekee ya wiki ambayo yuko sawa na wenzake bila mkalimani. Si ajabu basi kwamba mojawapo ya majaribio ya mwanzo kabisa ya kufundisha uandishi kwa gumzo la kompyuta ndani ya darasa lilifanywa na Trent Batson mwaka 1985 katika Chuo Kikuu cha Gallaudet, Washington, ambacho ni chuo cha wanafunzi viziwi. Ukiwa na wanafunzi wa aina zote mbili, fuata kasi ya yule anayesomewa.

Wanaoandika ni walewale wanne

Kwa kawaida gumzo husambaza sauti kuliko ukumbi. Richard Kern, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1995 kuhusu wanafunzi wa Kifaransa wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alikuta wakichangia kwa maandishi kwenye kompyuta zaidi ya mara mbili ya walivyochangia kwa mdomo darasani, ingawa usahihi wa lugha na mamlaka ya mwalimu vilipungua. Kwa hiyo walewale wanne wa ukumbini wakiwa ndio walewale wanne wa mtandaoni, kuna kitu kinawabeba. Mara nyingi ni kompyuta mpakato: wao wanaandika kwa vidole kumi, wengine kwa kimoja. Weka sharti kwamba hakuna anayeandika mara ya pili kwa swali moja kabla watano wengine hawajaandika. Wale wanne watalalamika wiki ya kwanza.

Gumzo linachangamka, lakini ukumbi umeanza kupungua watu

Mhadhiri anapoona dalili hii huwa anafikiri gumzo limefanikiwa kupita kiasi. Ukweli ni kwamba gumzo limegeuka mhadhara wa marudio. Mwanafunzi amekwisha kupiga hesabu: kama kila kilichosemwa Jumanne saa nne asubuhi kitafupishwa Jumatano saa mbili usiku, tena kwa maandishi yanayoweza kuhifadhiwa kama desa, nauli ya Jumanne ni ya nini? Kinyume chake pia hutokea, kwamba ukumbi umejaa na gumzo limeachwa, kwa kuwa mwanafunzi ameona kwamba lisemwalo huko halina mahali linapofika.

Tiba ya hali zote mbili ni moja, nayo ni kuufanya kila upande uache kazi ambayo haimaliziki bila upande wa pili. Mimi humaliza mhadhara wa Jumanne nikiwa nimeacha swali moja bila jibu kwa makusudi, limeandikwa ubaoni, na kulielewa kunahitaji kuwepo ukumbini kwa sababu linategemea mchoro tuliouchora pamoja au takwimu tulizokusanya palepale, kwa mfano dakika ambazo kila mmoja alitumia njiani asubuhi ile. Gumzo la Jumatano linalichukua swali hilo na takwimu hizo. Kisha mhadhara wa Alhamisi unaanza kwa dakika tano za yaliyotoka kwenye gumzo, nikisoma mistari miwili au mitatu kama ilivyoandikwa, bila jina, isipokuwa mwenyewe ameridhia.

Swali la mwenye boti asiyevua nililisoma kwa namna hiyo. Ukumbi ulicheka, kisha mtu wa safu ya nyuma akauliza kama mwanafunzi aliyejiandikisha lakini haji darasani ahesabiwe kuwa mwanafunzi, na nikajikuta nafundisha mada ya wiki ya nane katika wiki ya nne. Mpango wa somo ulivurugika na sikujuta. Mwanafunzi aliyeuliza awali hakusimama, ila CR aliniambia baadaye kwamba mwanafunzi huyo alipiga picha ubao ulipokuwa na maneno yake.

Kutoa alama kwa kuhudhuria gumzo ni tiba ambayo siipendekezi. Inajaza chumba kwa watu wanaoandika "nakubaliana na mwenzangu" na kuondoka, na inamwadhibu aliyekatiwa umeme. Kama chuo kinakulazimisha, toa alama kwa sentensi moja ya muhtasari inayokabidhiwa kwa karatasi Alhamisi.

Gumzo ndani ya mhadhara limeuteka mhadhara

Wapo wanaoendesha gumzo wakati uleule wanapozungumza, ili wanafunzi waandike maswali bila kunyoosha mkono. Likikushinda, sababu ni kwamba unasoma skrini huku ukifundisha. Mpe msaidizi kazi ya kusoma, simama mara mbili tu katika saa nzima, na akutajie maswali mawili yaliyojirudia zaidi. Nje ya vituo hivyo simu zilale kifudifudi.

Majibu ni aya ndefu, safi, na zinafanana

Swali limewekwa saa 2:15, na saa 2:16 zinatua aya tatu zenye maneno mia moja na hamsini kila moja, zote zikianza kwa kufafanua maana ya wastani. Hazikuandikwa kwa kidole; zimenakiliwa kutoka kwa programu za akili mnemba. Nimeona wenzangu wakiwasha vita ya kuwatafuta wahusika, na gumzo likageuka mahakama. Njia nyepesi ni kuuliza jambo ambalo programu hizo hazilijui: takwimu za ukumbi ule wa Jumanne, au ujumbe wa mwenzao wa dakika tatu zilizopita. "Unakubaliana na aliyesema mwenye boti havui? Kwa nini?" ni swali ambalo kulibandika kwingine na kulirudisha kunachukua muda mrefu kuliko kulijibu. Ongeza kikomo cha maneno ishirini na tano kwa ujumbe.

Maswali yanaingia saa saba usiku

Kikundi kilichofunguliwa hakijui kwamba saa imekwisha. Katika WhatsApp msimamizi anaweza kuzuia wengine wasitume ujumbe. Fungua saa mbili kasoro dakika kumi, funga saa tatu, na useme hivyo tangu wiki ya kwanza. Wiki ya mtihani watakuomba uache wazi. Mimi huwa nakataa.

Mwanafunzi anapokea ujumbe asioutaka

Dalili hii haimo kwenye nakala, na mara nyingi mhadhiri huisikia muhula ukiwa umekwisha, hasa kutoka kwa wanafunzi wa kike: namba yake imechukuliwa kwenye kundi la somo na mtu asiyemjua anamwandikia faragha. Kisababishi ni kwamba kila aliyeongezwa kwenye kundi la kawaida la WhatsApp anaweza kuona namba za wengine. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Namba ya simu ni taarifa binafsi, na kumwingiza mtu kwenye kundi bila ridhaa yake ni jambo la kuepuka hata pasipo sheria. Telegram huruhusu kuficha namba. Chumba cha Moodle hakihitaji namba kabisa, na BigBlueButton humwezesha msimamizi kufunga mazungumzo ya faragha kati ya washiriki. Ikibidi kutumia WhatsApp, toa njia ya pili kwa asiyetaka kuingia, na usimuulize sababu. Picha za skrini zinazosambazwa kumcheka mtu zishughulikiwe siku hiyohiyo na mhadhiri mwenyewe, kabla hazijafika kwenye kundi la kitivo.

Kila kitu kimezimika kwa kila mtu

Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika kwa pamoja na intaneti ikadorora katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Siku za namna hiyo hakuna mpangilio wa kurekebisha. Ninachofanya ni kuwa na bahasha ya karatasi ndogo zilizokatwa robo. Swali lililopaswa kwenda mtandaoni Jumatano naliandika ubaoni Alhamisi asubuhi, kila mtu anaandika mstari mmoja bila jina, karatasi zinapitishwa kwenye kofia kutoka safu ya nyuma hadi mbele, kila mmoja anachomoa ya mwingine na kuandika chini yake jibu la mstari mmoja, kisha kofia inarudi nyuma kwa mzunguko wa pili. Jumla ni dakika kumi na nne, nimepima. Karatasi nazipa namba kwa mfuatano wa S1, S2 uleule wa mtandaoni, ili mtandao ukirudi CR azinakili chumbani na wasiokuwepo wazikute.